Mchumba Wangu, Anatusaidia

Jumamosi hiyo saluni ilifurika hadi kwenye ngazi. Mashine za kukaushia nywele zilivuma, harufu ya mafuta imetanda, na katikati ya wanawake wale alisimama kijana mmoja mwandishi wa programu za simu, shati limempauka. Alikuja kumchukua dada yake, akakuta hata zamu ya dada haijafika. Akashusha pumzi kwa nguvu.

“Kaka, ukiendelea kupumua hivyo utanikaushia wateja,” msusi alimwambia bila kugeuka. Gauni la manjano lilimkaa vizuri, na vidole vyake vilisuka huku macho yakiwa kwingine.

“Kwani huwezi kuwapangia watu saa?”

“Wanapiga simu mikono yangu yote iko kichwani kwa mtu. Nitengenezee simu inayojibu yenyewe, nami nitakusuka bure.”

“Mimi sina nywele.”

“Ndiyo maana nimesema bure.”

Saluni nzima iliangua kicheko. Kijana aliondoka na dada yake, na namba ya msusi mfukoni.

Biashara ikazaliwa hivyo, na mapenzi nayo. Kijana aliandika programu ya kupangia wateja saa. Msusi ndiye aliyemfundisha kwamba kuna mtindo unaokula nusu siku, na kwamba bibi harusi hasubirishwi. Tena alizunguka kwa wasusi wenzake akiwabembeleza waijaribu.

“Umekula, mpenzi?” kijana angepiga simu.

“Nimekula. Programu yako imekwama tena.”

“Hata mimi nimekwama kwako.”

“Hebu nitolee maneno yako! Rekebisha kwanza.”

Rafiki wa kijana tangu chuo, mhasibu, aliingia baadaye. Mwekezaji alipopatikana, wanaume hao wawili waligawana hisa nusu kwa nusu, wakapeana mikono. Msusi hakuulizwa. Kijana hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye aibu yenyewe: alijiambia huyu nitamwoa, changu ni chake, ya nini kumwandikia?

Siku ya kikao msusi alivaa suti ya kijani aliyoishonesha kwa ajili hiyo. Mwekezaji, mama wa makamo, alisoma majina mawili ya waanzilishi yaliyoonyeshwa ukutani, kisha akamtazama.

“Na huyu dada?”

“Ni mchumba wangu,” kijana alijibu kwa tabasamu. “Anatusaidia.”

Msusi alijibu hata maswali ya saluni yaliyowashinda wanaume, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Simu yake haikupatikana tena.

Habari zikamfikia dada yake kijana, akampigia kaka yake. “Anakusaidia nini? Kufagia?”

Kijana aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Alikwenda kwa mhasibu, wakavutana mpaka wakaelewana, kisha akaenda saluni, akasimama mbele ya wateja.

“Nimekula jasho lako nikaliita mapenzi. Nisamehe.”

Msusi aliweka kitana chini. “Tungeachana, changu kingekuwa wapi?”

“Usingekuwa na kitu.”

“Na nisingeondoka, ungejua nakaa kwa kukupenda au kwa kufuata changu?”

Kijana aliinamisha kichwa. “Tumegawa upya. Theluthi kila mmoja, na kila mtu anaipata kidogo kidogo kwa kila mwaka anaofanya kazi. Mhasibu amenuna, lakini amekubali.”

“Nami nakubali. Ila kaseme kwa yule mama, mbele ya watu wale wale.”

Wakaenda wote kwa mwekezaji, na kijana akasema. “Siku ile niliwadanganya. Wazo ni la huyu dada. Saluni zote kazileta yeye. Ni mwanzilishi kama sisi.”

“Kwa nini ulimficha?” mama aliuliza.

“Nilidhani kumpenda kunatosha.”

Hakuna aliyecheka, na kijana alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nje ya chumba cha kikao, alimfuata msusi taratibu. Hakuthubutu kumshika mkono. “Na sisi je, mpenzi?”

“Sasa naweza kukuacha,” msusi alisema, “na changu kikabaki changu.”

“Ndiyo.”

“Basi ujue kwamba sijakuacha.”

Akatangulia kushuka ngazi.