Chipsi za Sindano

Kila asubuhi Sindano alikunywa chai amesimama, akisubiri kaka zake wamalize mkate na mama afute makombo mezani. Ndipo alipoketi na viazi vyake vya kuchemsha. Alikuwa na sufuria yake na mwiko wake, na ole wake atakayevigusa. Jina hilo la Sindano alibandikwa na wenzake alipokonda hadi sketi ikawa inamvuka, kabla daktari hajagundua kuwa ana ugonjwa wa siliaki. Ngano, hata chembe, ilikuwa ikiujeruhi utumbo wake. Hakukuwa na kidonge cha kuuponya. Ilimbidi aiepuke maisha yake yote.

"Maisha yangu yote!" alimlalamikia mama. "Hiki si kifungo?"

Jumamosi moja timu yake ya netiboli ilishinda nusu fainali, na mwalimu wa michezo akawapeleka mgahawani. Wote waliagiza chipsi.

"Na wewe, Sindano?"

Kutoka benchini, Sindano alichungulia jikoni kupitia dirisha. Mpishi alikuwa akitumbukiza vipande vya kuku vilivyopakwa unga wa ngano kwenye karai lile lile la chipsi. Alifungua mdomo aseme, lakini nahodha akamwahi.

"Jamani, leo asianze habari zake za ngano. Tuna njaa!"

Wasichana wakaangua kicheko. Sindano alikuwa amebanwa kwenye benchi, huku ukuta, huku mabega ya wenzake. Hakuona pa kupitia.

"Chipsi," alisema kwa sauti ndogo.

Kesho yake, wakati wa fainali, alikuwa chooni nyumbani, amejikunja, tumbo likimkata kama wembe. Shangwe za uwanja wa jirani zilimfikia kupitia kidirisha. Zilikuwa za timu nyingine.

Jioni mwalimu alikuja na nahodha.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliona haya, mwalimu. Wangesema nawachelewesha."

Nahodha aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nilidhani unadeka tu."

Msimu uliofuata walirudi mgahawa ule ule. Kabla ya kuketi, Sindano alikwenda hadi kwenye dirisha la jikoni. Nahodha alimfuata, akasimama kando yake.

"Shikamoo," Sindano alimwambia mpishi. "Mimi nikila ngano naugua. Kuna chakula ambacho hakijagusana nayo?"

"Marahaba. Chipsi usile, mafuta yake ndiyo ninayokaangia kuku hawa wa unga wa ngano," mpishi alijibu. "Nikupikie mayai na wali? Nitaosha kikaango kwanza."

"Na mwiko pia, tafadhali."

Mpishi alicheka. "Na mwiko, bosi wangu!"

Sindano alisubiri sana. Wenzake walimaliza kula, wengine wakaanza kupiga miayo, naye alitamani benchi limmeze. Sahani ilipofika, mwalimu aliwatazama wote.

"Hakuna anayeondoka mpaka mwenzetu amalize," alisema. Kisha akamgeukia Sindano. "Ugonjwa huu hukuuchagua, mwanangu. Lakini ukiuficha, unatuzuia kukusaidia. Uliza kila mara, hata wakicheka. Kicheko chao kitaisha kabla hujafika nyumbani, ila tumbo utalala nalo wewe."