Mguu wa Monika

Bertilla, mkazi wa mji wa Laela, hatupi kitu. Chupa anaweka. Kamba anaweka. Lakini anachopenda kuliko vyote ni karatasi za kufungia zawadi. Baada ya Komunyo ya Kwanza ya binti yake Silvana, alijaza kiroba kizima. Akakisukuma chini ya kitanda.

"Mama Silvana, hapa tunalala watu au panya?" aliuliza mumewe, Urbano.

"Zitatufaa, Baba Silvana. Akiba haiozi."

Asubuhi moja Urbano aliwashia jiko karatasi mbili za kung'aa. Jikoni kukajaa moshi mweusi. Wote walikohoa, na hata kuku walikimbilia nje.

Kisha ikaja sherehe ya kumuaga Monika, dada yake Urbano, aliyekuwa anaolewa. Bertilla alinunua sufuria nzuri. Akavuta karatasi nyekundu kutoka kwenye kiroba, akafunga boksi harakaharaka, wakaenda ukumbini.

Mshereheshaji aliinua boksi juu. Akaona maandishi upande wa chini. Akayasoma kwenye kipaza sauti:

"Pole sana kwa kuvunjika mguu! Ukiona kihenge, pita mbali!"

Karatasi ile ilikuwa ya zawadi aliyopewa Urbano alipoanguka kutoka juu ya kihenge cha mahindi, akavunjika mguu. Na aliyeyaandika maneno yale alikuwa Monika mwenyewe.

Ndugu wa bwana harusi wakaanza kuchungulia miguu ya bibi harusi.

"Ni mguu upi?" shangazi mmoja aliuliza. "Mbona hatukuambiwa?"

Watu walicheka mpaka machozi. Bertilla aliivua karatasi ile upesi, akarudi nayo nyumbani, akaisokomeza kirobani. Monika naye alitoa machozi, ila yake hayakuwa ya kicheko. Tangu siku ile hakukanyaga kwa Bertilla. Simu hakupokea. Bertilla aliumia sana, maana Monika hakuwa wifi tu. Alikuwa rafiki yake wa kweli.

"Kiroba chote nakichoma leo," alimwambia jirani yake Valeria, mwalimu wa chekechea.

"Usichome, dada! Karatasi za kung'aa nyingi zina plastiki. Moshi wake unadhuru kifua."

"Sasa nifanye nini? Zimeniharibia undugu."

"Kutunza si kosa. Kosa ni kutokagua. Kilete hicho kiroba."

Valeria alimwonyesha kazi. Kwanza, toa gundi ya karatasi polepole. Kagua pande zote mbili. Penye maandishi, kata. Kisha nyoosha karatasi chini ya godoro. Hapo Urbano alilalamika, maana kila akigeuka kitandani karatasi zilipiga kelele.

Karatasi kubwa walizitumia kuweka majalada kwenye madaftari ya Silvana. Za kati wakazikunja kuwa mifuko midogo ya zawadi. Vipande vyembamba wakavikata, kimoja kimoja, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Wakavizungusha kwenye njiti ya fagio, wakapaka uji mzito wa ngano, wakachomoa njiti. Vilipokauka vikawa shanga.

"Kumbe!" alisema Bertilla. "Hizi naweza kutunga pazia la mlangoni."

Hata Urbano alikaa akazungusha shanga. Pazia likakamilika, la rangi zote. Bertilla akalibeba hadi nyumbani kwa Monika.

Monika alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Wifi, umelikagua?"

"Pande zote mbili, wifi yangu. Nisamehe. Nilikuaibisha."

Monika alilipokea pazia, akalichunguza ushanga kwa ushanga. Ghafla akasimama kwenye ushanga mmoja mwekundu. Juu yake kulikuwa na neno moja, lililoandikwa kwa mwandiko wake: mguu.

Bertilla alitamani ardhi ipasuke. "Ni kaka yako huyo! Kaokota kipande nilichokata!"

Monika aliuma mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha akaangua kicheko, akaegemea mlango, akamvuta Bertilla kifuani.

"Mguu huu utanifuata mpaka uzeeni! Ingia ndani, wifi. Nilikukumbuka mno."

Pazia lilitundikwa siku hiyohiyo. Siku hizi Bertilla huwafundisha majirani kutengeneza shanga, na jikoni kwake hapachomwi tena karatasi ya kung'aa. Kwa Monika, kila mgeni huonyeshwa kwanza ule ushanga mwekundu. Shangazi wa bwana harusi alipokuja, Monika aliushika akamwambia:

"Shangazi, mguu mliokuwa mnautafuta ni huu hapa."