Bukta Ndani ya Mkoba

Kila asubuhi baba alimalizia chai yake akiwa wima, kofia ya ulinzi imebanwa kwapani, huku akimsubiri binti yake afunge viatu. Wakishatoka, baba alielekea ghala la magunia, alikokuwa mlinzi wa geti, na binti alishika njia ya shule. Waliishi wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili. Mama alifariki binti akiwa darasa la pili, na tangu hapo baba alijifunza kupika bila kuunguza na kusuka nywele, ingawa nywele zilichukua muda kidogo kumwelewa. Mambo mengi waliyazungumza. Mengine baba hakujua aanzie wapi, akayaacha yapite.

Mwaka ule binti aliingia darasa la sita, na mwili wake ukawa kama una haraka ya kwenda mahali. Alirefuka mpaka wenzake wakambandika jina la Mlingoti, nalo likamganda. Sketi yake ya shule, iliyonunuliwa dukani mwaka uliotangulia ikiwa chini ya magoti, sasa ilikuwa juu ya magoti kwa vidole vinne. Tena ilikuwa ya kubana, maana aliyeishona alikibania kitambaa kwelikweli.

Mlingoti akajifunza kuishi na ile sketi. Akikaa, aliweka mkoba mapajani. Kwenye ngazi alipanda wa mwisho, wenzake wote wakiwa wameshapita. Akiitwa ubaoni aliandika chinichini, kwa sababu akinyoosha mkono, blauzi ilichomoka na sketi ikapanda. Hakumwambia baba. Angemwambia nini? Maneno yenyewe yalimwia mazito mdomoni.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mkoba haukuweza kukificha. Mlingoti alikuwa hodari wa kuruka juu kuliko wasichana wote wa shule, na mashindano ya shule jirani yalikuwa yamebaki wiki tano. Jumatano moja, kwenye mazoezi, aliruka ufito, akatua kwenye godoro, na palepale wavulana waliokuwa karibu na ua wakaangua kicheko. Aliinuka akiivuta sketi kwa mikono miwili. Hakuwauliza walichokicheka. Alijua, au alidhani anajua. Kuanzia siku hiyo kila kicheko alichokisikia nyuma yake alikihesabu kuwa chake.

Jumatano iliyofuata alimwambia mwalimu wa michezo kwamba goti linamuuma. Mwalimu, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na maneno machache, alimtazama goti, akamtazama usoni, akamruhusu kukaa pembeni.

Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Kasuku kwa sababu inayojulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa karibu naye, ndiye pekee aliyeambiwa ukweli. Kesho yake Kasuku akamletea bukta ya zamani ya kaka yake, nyeusi, yenye kamba kiunoni. Akamwambia aivae ndani ya sketi, aruke atakavyo. Mlingoti aliikunja, akaisukuma chini kabisa ya mkoba. Aliona haya kuivaa, akaona haya kuirudisha. Ikakaa humo siku baada ya siku.

Sasa, kazi ya baba ilikuwa kukagua mikoba ya watu wanaotoka ghalani, na jicho lake lilikuwa limezoea kuona kilichobadilika. Jioni moja aliweka kijiko chini, akasema sketi ile inaonekana imepanda.

"Ni ileile, baba," Mlingoti alijibu.

Lakini kesho yake, Mlingoti alipotoka nje kumwaga maji, alimkuta baba amesimama kwenye kamba ya nguo, amelishika pindo la sketi, analipima kwa vidole. Alipomwona akaliachia, akajifanya anakagua kama nguo zimekauka. Siku mbili baadaye, akipiga pasi, Mlingoti aliona upande wa ndani wa pindo nukta ndogo ya kalamu ya wino. Baba alikuwa akitia nukta kama ile kwenye magunia asiyoyaamini.

Kwa hiyo anadhani ninaikata, Mlingoti alijiambia. Anadhani naipunguza mwenyewe ili nionekane.

Baba alianza kuuliza maswali: umetoka saa ngapi, umepita njia gani, ulikuwa na nani. Mlingoti alijibu kwa neno moja moja. Kadiri alivyojibu kwa ufupi ndivyo baba alivyouliza zaidi. Alhamisi jioni alimsikia akizungumza na bibi kwa simu, akisema labda mtoto aende akakae naye kidogo, maana siku hizi hamwelewi. Bibi alikuwa anakaa mbali, ambako Mlingoti asingemjua mtu wala kuwa na mashindano yoyote. Alilala akiwa ameukodolea macho ukuta.

Ijumaa baba aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni bila kumwambia mtu. Akamkuta mwalimu wa michezo getini. Mwalimu akampa pole kwa goti la mtoto, akasema ni bahati mbaya, kwani itabidi nafasi ya mashindano apewe mwingine. Goti lipi? Jana tu alimwona binti yake akikimbia na ndoo ya maji kutoka bombani bila hata kuchechemea.

Jioni ile, Mlingoti alipoingia, mkoba wake ukachukuliwa begani. Baba, aliyekuwa akifungua mikoba ya watu mchana kutwa, hakuwahi kuugusa mkoba wa mwanawe hata siku moja. Sasa alitoa daftari moja moja na kuziweka mezani, taratibu, kama afanyavyo getini. Chini kabisa akaikuta bukta. Aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Hii ya nani?"

"Ya kaka yake Kasuku."

"Inafanya nini kwenye mkoba wako?"

Mlingoti alitafuta jibu. Akaona aibu ya sketi, ya kicheko, ya goti la uongo, yote yamepanga foleni kooni, na hakuna lililokubali kutangulia.

"Nimeiweka tu," alisema.

Alipolisikia jibu lake mwenyewe alijua limeharibu kila kitu. Baba aliketi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho watakwenda kwa Mama Mkasi, fundi cherehani wa mtaa, na huko itajulikana ni nani aliyeikata sketi na lini. Baada ya hapo ataamua habari ya bibi.

Kibanda cha Mama Mkasi kilikuwa na upana wa mlango wake na kidogo zaidi. Cherehani ilikaa mbele, vitambaa vimepangwa nyuma mpaka kwenye dari, na yeye mwenyewe alikaa katikati na futi kamba shingoni. Mlingoti alimwamkia, akabaki mlangoni. Baba aliweka sketi mezani kama ushahidi mahakamani, na bukta pembeni yake.

"Dada, naomba uniambie ukweli," alisema. "Hii imekatwa kiasi gani?"

Mama Mkasi alivaa miwani. Aliligeuza pindo, akalipitisha kati ya vidole pole kwa pole, akaliinua kwenye mwanga. Alitazama mshono mbele na nyuma. Akaiona nukta ya wino, akamtupia baba jicho, lakini hakuuliza.

"Haijakatwa," alisema. "Huu ni mshono wa kiwandani, haujaguswa. Ingekatwa pindo lingekuwa na mshono wa mkono mwingine. Na hapa hapana hata mstari wa kukunjwa."

Baba alisema haiwezekani, kwa sababu mwaka jana ilifika chini ya magoti, aliiona kwa macho yake.

Fundi alivuta daftari lake la vipimo, lenye jalada lililochakaa. Mwaka uliopita alikuwa amemshonea Mlingoti gauni. Alitafuta ukurasa, akamwita mtoto, akamsimamisha wima na kumpima upya kutoka kiunoni hadi gotini. Kisha akaweka kidole kwenye kipimo cha zamani, akamwonyesha baba kipimo kipya kwenye futi. Tofauti yake ilikuwa upana wa kiganja kizima.

"Sketi iko palepale," alisema. "Aliyeondoka ni huyu."

Baba aliitazama ile futi kwa muda mrefu. Mama Mkasi, bila haraka, aliinamisha kikopo cha pini. Zikamwagika sakafuni. Hakuna aliyejua kama ni bahati mbaya.

"Hebu niokotee, mwanangu," alisema.

Mlingoti, aliyekuwa amevaa sketi yake ya pili, iliyonunuliwa siku moja na ile ya kwanza, alikwenda chini. Magoti aliyabana. Mkono mmoja uliishika sketi kwa nyuma, mmoja ukaokota pini moja moja. Pini zilizokwenda mbali hakuzifikia, kwa kuwa kuzifikia kungemlazimu aachie ule mkono. Baba alikuwa akimwangalia. Kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo binti yake alikuwa akilifanya kila siku mbele yake.

"Huwa unaishika hivyo siku zote?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na ukiruka?"

"Nikiruka siwezi kuishika. Ndiyo maana nikasema goti linauma. Na hiyo bukta Kasuku alinipa nivae ndani. Nikaona haya."

Baba alivua kofia yake, akaizungushazungusha mikononi. Kisha akamgeukia fundi, akaagiza sketi mpya mbili. Akasema ziwe ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Baba, mtoto anakwenda shule, hendi kufagia barabara," Mama Mkasi alimjibu. "Akivaa urefu huo atajikwaa kwenye ngazi. Heshima ya nguo ni imsitiri mtoto na imwache afanye shughuli zake. Ngoja tumuulize mwenye miguu."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mlingoti anataka sketi ya namna gani. Alianza kwa kigugumizi, kisha maneno yakafunguka. Alitaka ifike chini ya magoti hata akikaa. Alitaka marinda mapana ili aweze kupiga hatua, na mpira kiunoni badala ya kifungo kinachobana akishashiba. Alitaka mfuko, sababu kalamu yake ilikuwa ikipotea. Mama Mkasi aliandika yote, akaongeza mawili yake mwenyewe: pindo nene lililokunjwa ndani, la kuachiwa mtoto akizidi kurefuka, na bukta ya kitambaa kilekile ya kuvaa ndani, ili bukta ya watu irudi kwa wenyewe. Habari ya kwenda kwa bibi haikutajwa tena.

Jumatano, Mlingoti alimfuata mwalimu wa michezo kabla ya mazoezi. Alisema goti halikuwa na neno, alidanganya, na akaeleza sababu.

Mwalimu alifungua daftari lake la mahudhurio. Alimwonyesha kwamba kila Jumatano wasichana wa darasa la sita na la saba waliumwa tumbo, kichwa au kisigino, na kila Alhamisi wote walikuwa wazima. Alikiri kuwa alikuwa akiwashuku uvivu, tena alikuwa ameshaandaa adhabu. Akamrudishia Mlingoti nafasi yake ya mashindano, na siku ileile aliwakusanya wasichana peke yao, akawauliza. Wengi walisema yaleyale. Baada ya wiki moja mwalimu mkuu alitangaza kuwa msichana yeyote anaruhusiwa kuvaa bukta ndani ya sketi, na kwamba wakati wa michezo bukta pamoja na fulana ndefu inatosha.

Jambo moja lilibaki. Mlingoti alijikaza, akamuuliza mmoja wa wale wavulana wa uani walicheka nini siku ile. Mvulana alifikiri sana kabla ya kukumbuka. Mwenzao alikuwa amepiga mpira kwa nguvu, kiatu kikamtoka, kikaruka ua, kikaangukia ndani ya karai la mama anayefua. Kumbe yeye Mlingoti hawakuwa hata wamemtazama. Wiki nne nzima alikuwa amewachukia watu kwa kosa la kiatu.

Siku ya mashindano alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda alikuwa msichana wa darasa la saba mwenye miguu mirefu kuliko yake, jambo ambalo Mlingoti hakuwa amelidhania kuwa linawezekana. Baba alikuwepo, amesimama mstari wa mbele na sare yake ya kazi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika karibu na bomba la maji, baba alipunguza mwendo.

"Mwanangu, nilikuuliza maswali mengi mwezi huu," alisema. "Nimeyafikiria yote. Hakuna hata moja lililokuwa swali. Yote yalikuwa mashtaka, na mtu anayeshtakiwa hujifunga mdomo. Nilimpima kila mtu kwa jicho la getini, hata wewe. Nimekosa, unisamehe."

Mlingoti alitazama chini. Alisema yeye pia alikosa, kwa sababu alisema uongo.

"Ndiyo, ulikosa," baba alisema. "Ule uongo wa goti ndio uliozipa nguvu shaka zangu. Ungesema sketi inakubana, tungekuwa kwa fundi siku ileile. Kukua si kosa, na nguo ikikutia shida, kusema si utovu wa adabu. Nikiona kitu nisichokielewa, nitakuuliza, halafu nitanyamaza nisikilize. Wewe nawe ukiwa na jambo, hata kama ni zito, hata kama ni la aibu, lianze tu popote. Mimi nitakusaidia kulimalizia."

Walitembea hatua chache. Kisha Mlingoti akavuta pumzi.

"Baba, liko lingine."

Baba alisimama, akaweka mikono nyuma, akanyamaza kama alivyoahidi.

"Viatu pia," alisema Mlingoti.