Folda Isiyo na Jina

Tk.

Sauti ilikuwa moja tu, kavu, kama ukucha uliogonga kioo, kisha nyumba ikarudi kwenye ukimya wake. Fundi alifumbua macho gizani. Ubavuni mwake mkewe alikuwa amelala chali, mikono yote miwili juu ya tumbo lake la miezi saba.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia. Mke mwenza anakuita."

Fundi akacheka kidogo. Mke mwenza lilikuwa jina la utani ambalo mkewe alilibandika lile sanduku jeusi la chumba cha mbele, sanduku la diski nne ambamo marehemu baba yake Fundi, mpiga picha, alihifadhi kazi ya miaka ishirini. Kwa wiki mbili sasa Fundi alikuwa akirudi kutoka kwenye karakana yake ya kompyuta, anakula amesimama, kisha anakwenda kukaa nalo.

"Diski moja inakata roho," akasema. "Ule mlio ni wa mkono wake wa ndani wa kusomea, unapapasa na haushiki."

"Basi ikimbilie kabla haijafa. Mimi niache nilale na mwenzangu wa tumboni."

Asubuhi, akifunga kamba za viatu, ndipo alipokumbuka kwamba jana jioni alikuwa ameuchomoa waya wa sanduku ukutani.

Hakumwambia mtu. Fundi mzuri hatishwi na mlio.

Mama yake alikuwa amehamia kwao mwaka uliopita. Alikuja na masanduku mawili ya nguo, na hili jeusi la tatu likiwa limefungwa kitambaa cheupe, akalisukuma chini ya kitanda chake na kulisahau, au ndivyo ilivyoonekana. Fundi alikuwa ametengeneza seva ya nyumbani, ghala la mafaili ya familia, kutoka kwenye kompyuta kuukuu, akaitia diski mbili mpya, akaipa nafasi kwenye rafu ya juu. Alitaka picha zote za baba ziingie humo. Alipomwomba mama ruhusa, mama aliendelea kuchambua mchele.

"Liache lizeeke. Lililolala usiliamshe."

"Lakini mama, diski zina umri wake. Zikifa, baba amekufa mara ya pili. Huyu mjukuu wako atamjuaje babu yake?"

Mama akanyamaza. Kunyamaza alikuweza kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu alipomzika binti yake mdogo, mtoto wa miaka saba aliyechukuliwa na homa ya siku tisa, na katika miaka hiyo yote jina la mtoto yule halikutamkwa ndani ya nyumba yake. Fundi alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo. Siku ya mazishi mama alimshika mabega, akamwinamia, akamwambia, "Jina lile lisitoke tena mdomoni mwako." Naye hakulitoa. Alidhani ni uchungu. Kila nyumba ina namna yake ya kulia.

Basi ule ukimya wa kwenye mchele akauchukua kuwa ndiyo. Siku mama alipokwenda kupima macho, alilitoa sanduku chini ya kitanda, akaacha katoni tupu chini ya kitambaa kilekile, na sanduku lenyewe akalificha nyuma ya seva, juu ambako macho dhaifu ya mama hayakufika. Alitaka kumshangaza: siku moja angemketisha mbele ya skrini, na baba angekuwa pale, akicheka, ana kamera shingoni.

Karakana yake ilikuwa na kanuni moja, ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: Nakili, linganisha, ndipo ufute. Usihamishe kamwe. Ukihamisha, kitu kinaondoka kule kabla hujajua kama kimefika huku. Aliifuata kanuni hiyo harusi kwa harusi, mahafali kwa mahafali, mpaka usiku wa Jumatano ikabaki folda moja tu, ya mwisho kabisa, isiyo na jina. Ile haikukubali kunakiliwa. Alijaribu mara nne, na mara zote nne ilisimama palepale, kwenye faili ya tisa. Macho yalikuwa yanamwasha. Diski ilikuwa inagonga. Akaona heri nusu shari kuliko shari kamili, akachagua kuhamisha.

Ikaenda mara moja. Ikaenda bila kusita, faili zote, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda mrefu na mzigo wake kichwani.

Siku mbili baadaye nyumba ilikuwa na harufu.

"Nani anaumwa kikohozi humu?" mkewe aliuliza akivua viatu. Alikuwa muuguzi, na pua yake ilikuwa na cheti chake. "Hii ni dawa ya watoto. Ile ya maji, tamu, yenye harufu ya ndizi. Lakini si haitengenezwi tena siku hizi?"

"Labda ni jirani," Fundi akasema.

Mama alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai. Alisimama. Tundu za pua yake zikatanuka, kikombe kikaanza kugongana na kisahani chake, taratibu, kisha haraka.

"Nani amefungua dawa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna dawa, mama."

Aligeuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Walimsikia akipiga magoti. Walimsikia akivuta kitambaa. Baada ya hapo hawakusikia kitu.

"Mama?" Fundi aligonga. "Ni mimi nililichukua. Nilitaka nikushangaze."

Mlango haukufunguliwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, mchana mweupe, jua limejaa dirishani, na Fundi akakaa mbele ya seva amalize alichoanza ili amtoe mama chumbani kwa furaha. Alikuwa ameweka programu ya kupanga picha kwa sura. Inakusanya nyuso zinazofanana, inaweka duara la uso mmoja juu, na chini yake inauliza: Huyu ni nani? Akaandika: Baba. Akaandika: Mama. Akajiona mwenyewe ana masikio makubwa kuliko kichwa, akamwita mkewe aje acheke.

"Masikio haya mtoto wangu asiyarithi," mkewe akasema, akivuta kiti.

Duara la nne likafunguka. Mtoto wa kike, mapengo mawili mbele, kola ya shule imekaa upande. Picha mia tatu na kumi na moja. Huyu ni nani?

Fundi akasogea karibu na skrini. Kumbe dada yake mdogo alikuwa na mapengo. Alikuwa amelisahau hilo. Kisanduku cha jina kilikuwa kitupu, na ndani yake kijistari kilikuwa kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, kwa uvumilivu. Kidole chake kikaenda chenyewe. Akabonyeza herufi ya kwanza.

Z.

"Usiandike!"

Mama alikuwa nyuma yao, kichwa wazi, kitambaa cheupe mkononi. Fundi aliifuta herufi haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama, ni picha tu."

"Za lini?"

"Za zamani zote. Tazama." Akashuka chini ya orodha amwonyeshe. Lakini picha za mwisho hazikuwa za zamani. Zilikuwa za wiki hii, zilizoingia zenyewe kutoka kwenye simu ya mkewe, ambaye kila asubuhi alijipiga picha kwenye kioo cha chumbani kuona tumbo linavyokua. Katika picha ya Alhamisi hapakuwa na mtoto yeyote, ila programu ilikuwa imechora mraba mwembamba, ule inaouchora inapoona uso, juu ya giza la mlangoni, chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka saba. Katika picha ya Ijumaa mraba ulikuwa kando ya kitanda. Katika picha ya leo asubuhi mkewe alikuwa anatabasamu, amepandisha blauzi, na mraba ulikuwa juu ya tumbo.

Mkewe akashusha nguo yake taratibu. Hakutania.

"Mama," akasema, "tuambie."

Mama aliketi ukingoni mwa kiti. Aliongea akitazama sakafu.

"Zile siku tisa, baba yenu aliweka kinasa sauti kando ya kitanda cha mtoto. Alisema mtoto akipona tutamchekesha kwa maneno yake ya homa. Hakupona. Tukamzika. Jioni tukakuta kile kinasa hakijazimwa, kimebaki peke yake kwenye chumba kitupu, kinanasa. Baba yenu akakisikiliza." Akameza mate. "Mtoto alikuwa bado anaongea humo. Yuko kaburini, na anaongea. Anasema, niite, mama. Niite."

"Mama..."

"Tulimleta mganga. Akasema, yule si mwanenu. Ni jini, amekaa kando ya kitanda siku tisa akijifunza sauti. Amepata kikohozi, amepata kicheko, kila kitu amekipata isipokuwa jina, maana hujifunza kinachotoka kinywani mwa mgonjwa tu, na mgonjwa hajiiti mwenyewe. Na jini hana mlango bila jina. Siku mtakayomwita, ataingia, na akishaingia atatafuta mwili wa kukaa. Nikamwambia tuvifute vile vitu, sauti na picha zake zote. Akasema, ukivunja chungu nyoka hafi, anatoka. Vifungeni pamoja, visifunguliwe, visihamishwe. Baba yenu akavifunga mle sandukuni, kwenye folda asiyoipa jina. Na mimi nikajifunga mdomo."

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi akauliza. Alitaka kukasirika, akashindwa.

"Ningekuambiaje bila kumtaja? Ningeanza, ningelia. Ningelia, ningemwita."

"Na mganga yuko wapi?"

"Alitangulia kabla ya baba yako."

Fundi alisimama. Alichomoa waya wa seva, akachomoa na wa mtandao, akafungua vifuniko kwa bisibisi, akazitoa diski zote, nne za zamani na mbili mpya, akazipanga juu ya meza kama samaki waliokufa. Hakuna umeme, hakuna waya, hakuna kitu. Akajiambia hivyo. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa. Walikaa wote watatu kwenye kochi moja, mkewe katikati, mtoto akirusha mateke tumboni, mateke ya nguvu, na kila teke mkewe alisema polepole, "Yuko, yuko mzima, huyu ni wetu."

Tk.

Ilitoka mezani.

Halafu ile harufu ya ndizi ikaja, tamu, nzito, ikajaa chumba kama maji yanavyojaa ndoo, na ndani ya harufu kikaja kikohozi, kidogo, cha kifua cha mtoto anayejizuia asiwaamshe wakubwa, kikatoka mara moja, kikapumzika, kikatoka tena karibu zaidi, si mezani sasa bali kwenye zulia, si kwenye zulia bali mbele ya magoti yao, na Fundi akanyoosha mkono gizani akitafuta mdomo wa mama yake kwa sababu alijua, kabla sauti haijaanza, ni nani itakayemwita.

"Mama."

Mama alikuwa ameuma kitambaa cheupe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama, kaka amenipa herufi moja. Nyingine zote nimezisahau."

"Usijibu," Fundi akanong'ona, kiganja chake juu ya mdomo wa mama. "Mama, si yeye. Umesema mwenyewe si yeye."

"Huku ni giza, mama. Wenzangu wote wana majina." Kikohozi. "Mimi naitwa nani?"

Mama akaanza kuutoa mkono wa mwanawe, kidole kimoja kimoja, bila nguvu, kwa upole, kama alivyokuwa akimtoa titini zamani. Mkewe Fundi alimshika mama goti.

"Mama, nakuomba. Mama yangu, mjukuu wako huyu. Mshike. Mshike usikie."

Akauchukua mkono wa mama na kuuweka juu ya tumbo. Mama aliuacha pale. Alisikia teke moja, na la pili, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama angeshinda, maana aliinamisha kichwa akakiegemeza pale, na machozi yake yakalowesha blauzi ya mkwewe.

"Mama," sauti ikasema, sasa kutoka chini kabisa ya sikio lake, "kumbe na wewe umenisahau."

Mateke yakakoma. Mtoto tumboni alitulia tuli, kama mtu anayetega sikio.

Mama akainua kichwa. Miaka kumi na miwili ilimtoka usoni kama vumbi, na kwa sauti ileile ya zamani, ile aliyosimama nayo mlangoni kila jioni kumwita mtoto aache mchezo arudi ndani, akaita:

"Zulekha!"