Fundi Aliyegonga Boti

Rafiki yangu, fundi wa boti, aliitwa kufanya kazi katika kijiji kimoja cha wavuvi, pale mto unapoingia baharini. Machale yalimcheza mapema: watu walinong'ona mchana kweupe, na milango yao ilizungushiwa matambara isigonge.

“Kuna msiba?” akauliza.

“Wewe ziba ufa tu, kaka,” mwenye boti akanong'ona.

Boti ilikuwa imefudikizwa mchangani. Kwa mazoea ya kazi, akaigonga kwa nyundo asikilize kama ubao umeoza. Chini yake, kitu kikagonga vilevile.

“Umegonga? Basi sasa ni chako!” Mwenye boti alipaza sauti, akicheka kwa furaha. Papo hapo kijiji kizima kikaanza kuongea kwa kelele, milango ikibamizwa.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Alinifungulia kabla sijabisha hodi, kidole mdomoni. Mlango wake nao umezungushiwa matambara.