Bahari ya Kitambaa

Asubuhi moja ya mwaka 1956, Severa alikuwa akichagua vifungo kando ya soko la Kariakoo, amevaa gauni jeupe lililobana kiunoni, mara kitu kibichi kikamgusa mgongoni. Aligeuka kwa hasira. Kijana mrefu alikuwa ameduwaa, begani amebeba kitambaa kirefu kilichokunjwa.

"Samahani sana, dada. Nimekupaka bahari."

"Umenipaka nini?"

"Bahari. Ya Uingereza. Haijakauka."

Severa alitaka kufoka, akajikuta anacheka. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kijana huyo aliitwa Kasmir, Mchaga kama yeye, mchoraji katika studio ya picha ya Bwana Ghanim, Mtaa wa Kongo. Alikuwa na kalenda kuukuu yenye picha za Cornwall, pwani ya Uingereza: majabali yaliyosimama wima juu ya maji, bandari ndogo iliyobanwa na vilima, vijumba vya mawe vilivyoezekwa nyasi, mnara wa taa kwenye ncha ya mwamba. Alizinakili kwenye vitambaa vikubwa, na wateja wakapigwa picha mbele yavyo. Kila Jumapili baada ya misa, Severa alipita hapo.

"Leo tunaenda wapi, mpenzi?"

"Mnarani. Vaa koti, kuna baridi."

"Joto lote hili!"

"Joto liko Kariakoo, mama. Sisi hatupo Kariakoo."

Siku moja Bwana Ghanim akawapiga picha mbele ya majabali, Kasmir ndani ya koti la kuazima, Severa na kofia ya studio. Severa aliipenda mno, akawa anailalia chini ya mto.

Jumatatu moja telegramu ilifika kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi na kushona nguo. USIPANDE MELI TENA. NAKUJA. BABA.

Meli gani? Severa alikimbilia studio, sindano bado imechomekwa kifuani.

"Kasmir! Baba anasema nisipande meli. Umefanya nini?"

Kasmir aliweka brashi chini. "Nilimpelekea mama nakala ya picha yetu. Naona... naona ameipeleka kwenu. Pamoja na mbege."

Severa aliketi kwenye kiti cha wateja. Pombe ile ya ndizi haipelekwi kwa baba wa msichana kwa kumsalimia tu. Ni posa. Na baba yake, Mzee Marcelino, ambaye hajapata kuvuka Moshi, alikuwa amepewa posa pamoja na picha ya binti yake akiwa Ulaya na mwanamume.

"Umeniposa bila kuniuliza?"

"Nilimwambia aitunze tu, Severa wangu. Nilitaka akuone."

"Mimi hukuniambia kwa nini?"

"Niliogopa utakataa."

"Basi nakataa!"

Akatoka. Siku mbili zile za kungoja basi la Moshi, alijichoma vidole kila mara. Dada yake Candida alizushiwa jambo dogo tu huko Tanga, baba akatuma mtu kumrudisha, na mpaka leo hajatoka tena migombani kwao. Severa aliogopa kurudishwa. Alimkasirikia Kasmir, na kibaya zaidi, alimkumbuka. Kasmir naye hakutulia. Aliipaka upya bahari yake mara tatu.

Jumatano Mzee Marcelino alishuka kwenye basi na koti zito, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umerudi lini?"

"Sijaenda popote, baba."

"Usinidanganye. Nimekuona kwa macho yangu."

Severa hakubishana. Alimwongoza moja kwa moja hadi studio. Kasmir aliruka, akaangusha kopo la rangi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alitoa ile picha mfukoni, akatazama majabali ukutani, akarudi kwenye picha. Akasogea, akaweka kiganja juu ya bahari. Kilitoka na rangi ya buluu.

"Ndiyo hii Ulaya?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Marcelino aliketi polepole.

"Siku mbili kwenye basi nimekuwa nikilia," alisema. "Nilidhani nitakufa sijakuona tena, mwanangu." Kisha akamgeukia Kasmir. "Mbege ya mama yako sijaigusa. Mwenye neno ni huyu."

Kasmir alimsogelea Severa. "Severa, nilikosea. Sasa nakuuliza wewe, mbele ya baba. Utanikubali?"

Severa alitazama mnara, vijumba, majabali. Jumapili zake zote.

"Umenitembeza Uingereza nzima, Kasmir, hata ufukwe wa Magogoni hujanifikisha."

"Si hapo tu?"

"Basi twende. Nitakujibu huko."

"Twende wote," alisema Mzee Marcelino, akitwaa kofia yake kwa mkono ule ule wa buluu. "Hata mimi bahari sijaiona."

Magogoni, mzee aliinama kunawa, akaonja maji, akatema, akacheka peke yake. Severa alivua viatu, akamkabidhi Kasmir.

"Nishikie, mchumba," alisema, akaingia majini.