Kitanda Kilichonona

Kilichoanza ni harufu: maziwa yaliyochacha na kwapa lisilooshwa, ikitoka kwenye kitanda alicholazwa mama mzazi wa mtaalamu wa lishe wa hospitali, binti ambaye wodi nzima ilimwita Bibi Lishe. Bibi Lishe akabadilisha mashuka, akapiga deki kwa mikono yake. Wapi! Harufu ilizidi.

Kitanda chenyewe kilimpima mgonjwa na kupeleka uzito kwenye kompyuta, na programu ndiyo iliyoamua nani ana utapiamlo. Kila asubuhi mama alitokea kwa rangi ya kijani, eti ananenepa. Ananenepea wapi, na mikono imebaki vijiti?

"Daktari, mama yangu anakwisha. Mwekee mpira wa kulishia."

"Programu inasema anaongezeka, Bibi Lishe. Si wewe uliyetufundisha tuiamini?"

Kweli, ni yeye aliyewafundisha. Akayameza maneno yake kama shubiri, akarudi kumlisha mama uji.

Uji ulimponyoka mama mdomoni, lakini haukufika kidevuni. Kitu kiliulamba, slap, kikaacha ute mzito wa manjano wenye vinywele ndani yake.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "huwa ananilamba mpaka ulimi."

Yallah! Akambeba mama mzobemzobe ampeleke kwenye mizani ya sakafuni, akapime mwenyewe. Hakufika mbali.

"Dada," muuguzi alimwita kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye kioo cha kitanda. "Kitanda hakina mtu. Mbona uzito umepungua kidogo tu?"

Bibi Lishe akageuka, akaona godoro limebonyea katikati kama limelaliwa na mtu mnene, na ule ute ukichuruzika kutoka hewani, ukidondoka kwenye foronya, huku kitu kikitafuna taratibu, kikicheua na kumeza tena kile kile kilichocheua, na harufu ikimwingia mpaka kooni akahisi anaila.

Hofu ikageuka hasira.

"Mlaanifu mkubwa we! Mwache mama yangu! Kama ni njaa, si uje unile mimi!"

Kutafuna kukakoma. Godoro likainuka. Kioo kikasoma sifuri.

"Dada, hayo maneno hayasemwi," muuguzi alisema huku anarudi nyuma.

Nani alikuwa na muda wa kumsikiliza? Mama alirudishwa kitandani, uzito wake wa kweli ukaonekana, programu ikawa nyekundu, na daktari akaja mbio na mpira bila kumtazama mtu usoni. Siku zikapita, mama akaanza kujaa mashavu. Bibi Lishe alicheka na kulia kwa pamoja, ingawa kiuno kilimuuma ajabu na viatu vilimbana.

Asubuhi moja mama akafumbua macho, akamtazama bintiye kwa upendo, kisha akakunja pua.

"Mwanangu, huyo uliyembeba mgongoni ni mtoto wa nani? Mwambie basi aache kukulamba shingo."